Kikohozi cha Baba Katikati ya Mizabibu

Baba yangu hakufa kwa kifua kikuu. Naanza na hilo kwa sababu nimeandika mwanzo wa simulizi hii mara nyingi mno, nikafuta, nikaandika tena, na kila mwanzo mzuri nilioupata ulikuwa unamficha msomaji jambo ambalo mimi mwenyewe ningetaka kuambiwa mapema. Baba alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa moyo, mchana, baada ya kula, akiwa ameishi miaka ya kutosha. Kifua kikuu kilikuwa changu. Kama unasoma haya huku vidonge vyako viko mezani, na unamtazama mama au mume au mtoto unayekaa naye nyumba moja, unasikiliza namna anavyopumua, basi nimekuandikia wewe.

Naitwa Nyemo. Ni fundi cherehani hapa Hombolo, nje ya mji wa Dodoma. Kushona nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, sikuwahi kukaa chini ya fundi yeyote, na labda ndiyo maana naogopa sana kukosea. Kola ikipinda kidogo nafumua yote. Wateja wangu husema nguo ya Nyemo inachelewa lakini hairudishwi. Sijisifu. Nataka tu ujue kwamba mtu wa namna yangu akiugua, ugonjwa unapata chakula kingi.

Kukohoa kulianza kiangazi, wakati upepo wa kwetu unabeba vumbi jekundu na kila mtu anakohoakohoa, kwa hiyo nilikuwa na kisingizio. Kikafuata jasho. Nilikuwa naamka shuka limelowa kama limetoka kwenye beseni. Blauzi nilizojishonea zikaanza kunipwaya. Nikazipunguza kiunoni, nikazipunguza tena, huku nikijiambia kwamba nilikosea vipimo tangu mwanzo. Baba ndiye aliyenitazama siku moja nikiwa nimeinama kwenye mashine, akasema mifupa ya shingo yangu imechomoza kama ya ng'ombe wa mwezi wa kumi, nyasi zikiwa zimekwisha. Kesho, alisema, tunakwenda kituo cha afya. Nikamwambia nina sare za shule za kumaliza. Akasema watoto wa shule wana nguo nyingine.

Benchi la wagonjwa wa kifua liko nje, ubavuni mwa jengo, mahali upepo unapopita. Ukikaa hapo kila anayekwenda kliniki ya wajawazito anakuona. Mwanzoni nilikaa pembeni kabisa na kugeuza uso, kama vile namsubiri mtu mwingine. Nilitoa makohozi kwenye kikopo, nikaona aibu kuliko ninavyoweza kueleza, na siku ya majibu muuguzi akaniambia bila kupunguza sauti: "Unayo TB, na inatibika." Mimi nilisikia kipande cha kwanza tu. Baba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kofia mkononi, alimwambia, "Rudia hicho cha pili, mwanangu." Akarudia.

Nimweleze kidogo mzee huyu. Aliitwa Yona. Ujanani alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, na huko ndiko alikojifunza kunyoosha mstari. Mizabibu yake ukisimama mwanzo wa safu unaona hadi mwisho wake, nguzo moja imeificha nyingine. Alikuwa mzee wa kanisa letu la Anglikana. Nyumbani aliomba kwa Kigogo na kanisani kwa Kiswahili, akasema Mungu anazijua zote ila makatekista wengine wanajua moja. Suti yake ilikuwa moja, ya Pasaka na ya kupiga kura. Redio ikipiga wimbo wa taifa alisimama, hata kama tonge lilikuwa njiani kwenda mdomoni, akalishika tonge lake hadi wimbo uishe. Tulimcheka miaka yote. Hakujali.

Alielezwa kwamba dawa zangu ni bure kwa miezi yote sita. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo aliposema, "Hizi wamekununulia watu usiowajua. Kuna mama anauza vitumbua huko Lindi, kodi yake imo humo. Usije ukamwaibisha."

Kila mgonjwa anatakiwa kuwa na mtu wa kumsimamia akimeza dawa, na Baba alijitaja kabla sijafungua mdomo. Hivyo ndivyo asubuhi zetu zilivyokuwa tangu siku hiyo. Anatoka shambani mapema, ananawa, anakaa mbele yangu, anaviombea vidonge. Aliwaombea waliovitengeneza, waliovipakia, dereva wa lori, na yule muuguzi mwenye sauti. Shangazi Mele, dada yake, ambaye tangu Mama afariki ndiye aliyetushikia nyumba, alikuwa akimwita kutoka jikoni: "Yona, malizia basi, uji unapoa. Hao madereva nao watafika."

Wiki za kwanza ni mbaya, sitakudanganya. Mkojo unakuwa na rangi ya chungwa. Niliambiwa mapema, ila siku hiyo masikio yangu hayakuwa kazini, kwa hiyo nilipouona nilikaa chooni nikijiaga. Kichefuchefu kinakuja na harufu za kawaida kabisa: mafuta ya mashine, sabuni, hata kitambaa kipya. Magoti yaliniuma kama ya bibi. Nilikuwa nakaa mbele ya cherehani nikishindwa kuingiza uzi kwenye sindano kwa sababu mikono inatetemeka, nikalia kwa hasira. Halafu siku moja, baada ya mvua za kwanza, nilisikia harufu ya mboga ya mlenda inayochemka na mate yakanijaa mdomoni. Nilikula ugali wa uwele hadi Shangazi akaacha kula akanitazama.

Shangazi huyo huyo alikuwa amekifunga kikombe changu uzi mwekundu kwenye mkono wa kushikia, ili kisichanganywe na vingine. Muuguzi alishasema ugonjwa huu hauambukizwi kwa vyombo, unasafiri kwa hewa, lakini hofu haiendi kliniki. Sikumlaumu, mimi mwenyewe nilikuwa nakiosha kikombe hicho kwa maji ya moto hadi vidole viungue. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao wakidai wamepata safari. Kaka yangu anayeishi mjini alipiga simu kusema watoto hawatakuja Krismasi. Baba hakumgombeza mtu. Alichukua kikombe chenye uzi, akakijaza uji, akanywa mbele ya dada yake, akamrudishia akisema uji umezidi chumvi.

Mimi ndimi niliyeogopa kuliko wote. Miezi miwili ilipopita walinipima tena, wakaniambia vijidudu havionekani kwenye makohozi, simwambukizi mtu, vidonge vikapunguzwa. Ningepaswa kufurahi. Lakini nilikuwa nimesoma. Sikuwa na elimu ya hayo mambo, nilikuwa na simu, na nilisoma kila kitu, na katika kila kitu hicho nilishika jambo moja: kwamba ugonjwa huu unaweza kukaa kimya kwa mtu muda mrefu ndipo ujitokeze. Kituoni walitupima wote wa nyumbani siku za mwanzo na hawakuona kitu. Hilo halikunitosha. Niliendelea kuvaa barakoa hata uani. Nilifungua madirisha mvua inanyesha. Na kila Baba alipolala mchana nilisimama mlangoni nikisikiliza kifua chake.

Desemba hadi Januari mvua zilikuwa nzuri. Kwa mkulima wa zabibu, mvua nzuri ina adhabu yake: unakuja ubwiri unga, ukungu mweupe unaokaa juu ya majani na vichala kama umenyunyiza unga wa sembe. Dawa yake ni salfa, ile poda ya njano. Baba aliitia kwenye kifuko cha kitambaa chepesi, akapita safu kwa safu alfajiri kabla upepo haujaamka, akikitikisa juu ya majani. Alirudi nyumbani nyusi za njano. Mimi nilikatazwa kuingia shambani siku za salfa kwa sababu ya kifua changu, nikatii, na kwa hiyo sikujua chochote.

Asubuhi moja nilimwona amechelewa, nikaona salfa itakuwa imeshatulia, nikampelekea uji. Nilimsikia kabla sijamwona. Ni kikohozi kirefu, kile kinachomkunja mtu. Nilikijua. Nilikuwa nimekaa nacho miezi. Baba alikuwa amesimama katikati ya safu, ameshika nguzo kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka.

"Shikamoo Baba."

Alijinyoosha haraka, akaitika marahaba kama mtu aliyekutwa anahesabu vichala.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Baba."

Alitazama majani. Akasema tangu Krismasi, au karibu na hapo. Kilikuwa kinambana zaidi asubuhi, kwa hiyo aliona vyema kuja kukoholea huku, mizabibu haina umbea. Alijaribu kutabasamu. Nikamuuliza kwa nini hajaenda kupimwa.

"Ningepimwa nikaambiwa ninayo, wewe ungemeza dawa tena? Nakujua, Nyemo. Ungekaa chini ukajilaumu mpaka ufe. Nimesema umalize kwanza. Ukishamaliza, nitakwenda."

Bakuli la uji nililiweka chini. Umalize kwanza. Ilikuwa bado miezi. Niliona kila kitu kwa mpigo: chumba, jeneza, watu wa kanisa, na mimi nimesimama pale nimepona, nimenenepa, nikijua kilichotoka kifuani mwangu kimekwenda wapi. Niliona na wale wanaonitazama, wakijua nao.

Tulirudi nyumbani. Akanawa, akakaa mahali pake, akanitolea vidonge kwenye kisosi kama siku zote. Akafumba macho aanze kuomba. Nikakisukuma kisosi.

"Simezi," nikasema. "Mpaka wewe ukapimwe. Leo."

Alifumbua macho. Kwanza alicheka, maana sikuwahi kukosa dozi hata siku moja, mimi niliyekuwa naweka kengele mbili kwenye simu. Kisha akaona sicheki.

"Hiyo ni siasa, mama."

"Ndiyo."

"Unachezea dawa ya watu."

"Na wewe unamchezea baba yangu."

Kutoka jikoni, bila hata kutokeza kichwa, Shangazi akasema, "Yona, vaa viatu."

Nitakiri jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Nisingeweza. Angekaa pale kwenye kiti akasubiri saa moja tu, ningevimeza vyote nikilia, kwa sababu kukosa dozi kulinitisha karibu sawa na kikohozi chake. Jicho langu halikutoka kwenye kisosi. Pengine aliliona. Alivaa viatu.

Nilivifunga vidonge kwenye kitambaa safi nikavitia mkobani, tukaenda moja kwa moja mjini Dodoma, kwenye hospitali wanakoweza kupima makohozi na kupiga picha ya kifua siku hiyo hiyo. Alitoa makohozi, akapigwa picha, tukaambiwa tusubiri. Ukumbi ulijaa. Ukutani kulikuwa na televisheni, na kikao cha asubuhi cha Bunge ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza. Dua ikaanza kusomwa. Baba akavua kofia, akasimama katikati ya wagonjwa wote, akainamisha kichwa.

Nilitamani sakafu inimeze. Wagonjwa walitazamana. Mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuwa mbele yetu naye akainuka taratibu, akafungua viganja. Kisha mtu mwingine. Dua ilipokwisha wakakaa, na mama mnene wa benchi la nyuma, mwenye kitenge cha kijani, akamgusa Baba begani.

"Mzee, wewe mbunge wa jimbo gani?"

"Jimbo la benchi hili," Baba akajibu. "Mna kero gani?"

Wakamtajia. Foleni haisogei, feni inakwaruza, mwenye chai bado hajapita. Baba alisikiliza kwa makini na kuahidi kulifikisha la chai mbele ya Serikali. Watu walicheka, na wengine walicheka hadi wakakohoa. Nami nilicheka ndani ya barakoa yangu, vidonge vikiwa mkobani. Yule mama alinimegea andazi. Alinihamia kabisa, akakaa ubavu kwa ubavu na mimi, mtu wa kwanza kufanya hivyo tangu niugue ukiondoa Baba. Sikumfahamu jina na sijamwona tena.

Alasiri wakamwita. Daktari alikuwa dada ambaye hakunizidi umri sana. Alitukaribisha viti, akamtazama Baba, si karatasi, akasema hakuna kifua kikuu. Kwenye makohozi hakuna. Kwenye picha hakuna.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikauliza kama mashine inaweza kukosea. Nikauliza kama walichanganya vikopo. Nikauliza kama inaweza kuwa imejificha. Baba aliniwekea mkono gotini. Daktari alijibu kila swali bila kukunja uso, kisha akamgeukia Baba na kumuuliza anafanya kazi gani.

"Zabibu," akasema Baba.

"Sasa hivi mnapiga dawa gani?"

"Salfa."

"Unafunika uso ukipiga?"

Baba alianza kuizungusha kofia mikononi. Mzee wa kanisa yule hakuwa anajua kusema uongo, hata ule mdogo wa kumridhisha daktari.

"Miaka yote nilikuwa nafunga kitambaa," akasema. "Msimu huu sikufunga."

"Kwa nini, mzee?"

Alijibu akitazama ukuta. "Njia ya kwenda kituo cha afya inapita ubavuni mwa shamba langu. Binti yangu anapita hapo akienda kuchukua dawa. Watu nao wanapita. Wakiona nimejifunika uso wangesema namkimbia mwanangu. Na yeye angeona. Nikasema, kwani salfa ni nini? Ni vumbi tu."

Daktari aliweka kalamu chini. Kwa muda kidogo alikuwa binti wa mtu fulani kama mimi. Kisha akarudi kuwa daktari, akamsema Baba kisawasawa: vumbi lile limemchoma njia za hewa, angeendelea hivyo angejiharibu kweli, asiguse salfa hadi apone, na akirudi kuigusa afunike pua na mdomo. Baba akaitika ndiyo daktari kwa kila neno, kama kuruta.

Nilingoja tufike nje. Kisha nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Nilimwambia angekufa kwa ajili ya macho yangu. Nilimwambia nilikuwa namtaka mzima, amejifunika hata gunia, ningepita njia ile nikimpungia mkono. Alinisikiliza. Watu walitupita.

"Sikujua," akasema mwishoni. "Nilifikiri kinachokuumiza ni watu kukukimbia."

"Kinachoniumiza ni kukuua."

Aliniangalia kana kwamba jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini hata siku moja. Nafikiri kweli halikuwahi. Miezi yote ile nilikuwa nimejibebesha kitu ambacho yeye hakujua kwamba kipo, na yeye alikuwa amejibebesha kingine kwa ajili yangu, na tulikuwa tunakutana kila asubuhi mezani na kuombea madereva.

"Meza dawa," akasema.

Nikameza hapo hapo kwenye ngazi, kwa maji ya chupa, naye amekaa mbele yangu na kofia mkononi.

Salfa iliyobaki ilipigwa na wenzake wa kanisani, wamejifunga nyuso kama majambazi, yeye akiwaelekeza kutoka mbali kwa sauti iliyoanza kurudi. Machi tulivuna. Aprili, mvua zikikatika, yule muuguzi wa kituoni alinipima kwa mara ya mwisho na kuniambia nimemaliza, nimepona, nisirudi pale ila kusalimia. Nilizifumua blauzi zote nilizokuwa nimezipunguza. Sijawahi kufumua kwa furaha namna ile.

Baba alipofariki, kuna mama alininong'oneza msibani, akiuliza kama ni kile kifua. Kabla sijajibu Shangazi Mele alimjibu kwa sauti iliyofika hadi kwa wanaume: "Kaka yangu kaenda na mapafu yake mazima. Kama una wasiwasi, daktari yupo, kamuulize." Akaendelea kupepeta mchele.

Kwa hiyo, wewe unayesikiliza kifua cha mtu: mwambie unachoogopa. Mwambie kwa maneno, usimsikilize mlangoni. Kisha mchukue mkapime, hata kwa ugomvi. Huenda majibu yasiwe kama ya Baba, na hata hivyo ni dawa ile ile uliyokwisha kuimeza wewe, na unajua inafanya kazi.

Tulipata zaidi ya mwaka mmoja pamoja baada ya hapo. Jioni moja ya mwaka huo naikumbuka, ingawa hakikutokea kitu. Tulikuwa tunakula uani, upepo umeanza, vumbi linazunguka. Baba akakohoa. Nikamwambia pole, nikasogeza mboga upande wake, tukaendelea kula. Nilikuwa nimeshamaliza kula na kunawa ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeogopa.